Keki ya Mayai Halisi: Mwongozo wa Kusoma Riwaya za Kijasusi za Wakati wa Vita

Chukua The Ministry of Fear ya Graham Greene, riwaya iliyotoka mwaka 1943, usome sura ya kwanza peke yake. London inapigwa mabomu usiku baada ya usiku. Arthur Rowe, mtu mpweke mwenye majuto mazito moyoni, anapita jirani na bustani ambako wanawake wa mtaa na kasisi wao wameandaa tamasha dogo la kuchangisha fedha. Anaingia. Anakaa mbele ya mpiga ramli, anaambiwa maneno ambayo hayakukusudiwa yeye, kisha anakisia uzito wa keki na kuishinda. Keki yenyewe imepikwa kwa mayai halisi. Anapotaka kuondoka nayo, watu wanaanza kumzuia kwa adabu, halafu kwa adabu iliyopungua.

Msomaji wa leo anaweza kuyapita hayo mayai bila kuyatazama. Usiyapite. Uingereza ya miaka ile iliishi kwa mgawo: nyama, siagi, sukari na chai vilitolewa kwa kipimo na kwa kitabu cha kuponi, na yai bichi lilikuwa moja hivi kwa mtu kwa wiki, likipatikana. Pengo lilizibwa kwa unga wa mayai wa kopo. Waliopanga foleni ya sukari na sabuni Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawahitaji maelezo zaidi. Keki ya namna ile, mezani hadharani, ilikuwa inauliza maswali yenyewe: nani kaipika, mayai kayatoa wapi, na kwa nini iende kwa mtu fulani tu? Greene hakuhitaji bastola kukuonyesha kwamba kuna jambo haliko sawa.

Kwangu mimi utamu wa riwaya hizi uko hapo: jambo dogo la kila siku linageuka kuwa suala la kufa na kupona, na mtu wa kawaida analazimika kuishi uongo huku vita vikimwendesha mbio. Risasi na milipuko ni mapambo. Ukizisoma kwa kutafuta mapambo utachoka mapema, maana sinema za leo zina milipuko mikubwa zaidi. Ukizisoma kwa kutazama mayai, tiketi, kamera na funguo, hutaziweka chini.

Anzia wapi

Wengi huelekezwa waanze na The Thirty-Nine Steps ya John Buchan, ya mwaka 1915, na ni ushauri mzuri. Ni kitabu kifupi, unakimaliza kwa jioni mbili tatu. Buchan alifariki mwaka 1940, hivyo haki miliki zake zimekwisha katika nchi nyingi na kitabu kinapatikana bure kwenye intaneti, katika maktaba ya Project Gutenberg. Pakua kwenye simu, basi.

Richard Hannay, mhandisi wa migodi, amerudi London kutoka Rhodesia na mji umemchosha. Jirani yake anamjia na siri nzito, anaomba hifadhi, na siku chache baadaye anakutwa amechomwa kisu ndani ya nyumba ya Hannay. Sasa polisi wanamsaka kama muuaji, na majasusi wanamsaka kwa sababu anajua wanachopanga. Anakimbilia nyika za Scotland. Mtu mmoja anayewindwa na pande mbili, asiye na wa kumkimbilia: umbo hilo la hadithi limerudiwa na waandishi wengi wa ujasusi waliomfuata, na ukishalijua kwa Buchan utalitambua popote utakapolikuta.

Lakini usikae kwake muda mrefu, na usimsome ukiwa umefumba macho. Utakutana na maneno ya dharau dhidi ya Wayahudi, na katika vitabu vyake vingine, hasa Prester John ya mwaka 1910, dhidi ya Waafrika. Buchan alikuwa mtumishi wa dola: alifanya kazi Afrika Kusini chini ya Lord Milner baada ya Vita vya Makaburu kuanza, na akafa akiwa Gavana Mkuu wa Kanada. Greenmantle, ya mwaka 1916, inahusu mpango wa Wajerumani wa kuwachochea Waislamu wapigane jihadi dhidi ya Waingereza. Jambo lenyewe lilikuwa na mizizi ya kweli, kwa sababu Novemba 1914 dola la Uthmaniya lilitangaza jihadi kweli, na Berlin ilitumaini kwamba Waislamu waliotawaliwa na Waingereza na Wafaransa wangeinuka. Ila Waislamu wa Buchan ni umati unaosubiri nabii wa kuuswaga. Msomaji wa Lamu, Tanga au Unguja atauona uongo huo papo hapo, na ni vizuri auone, kwa sababu riwaya ya kijasusi daima inakuonyesha mwandishi wake anamwogopa nani. Soma kwa ajili ya mbio, na uandike pembeni unapochukizwa.

Kutoka kwa Buchan nenda moja kwa moja kwa Eric Ambler, na kama una nafasi ya kusoma kitabu kimoja tu kati ya vyote ninavyotaja hapa, basi kiwe Epitaph for a Spy, cha mwaka 1938. Vita vilikuwa havijaanza, lakini Ulaya nzima ilikuwa inavisikia vikija.

Josef Vadassy ni mwalimu wa lugha, maskini, mpole, anayetumia likizo yake katika hoteli ndogo ya pwani kusini mwa Ufaransa. Anapenda kupiga picha za mijusi. Anapeleka filamu ikasafishwe, na anapoifuata anakamatwa: miongoni mwa picha za mijusi kuna picha za ngome za jeshi la majini huko Toulon. Kamera yake imebadilishana na nyingine ya aina ileile. Mmoja wa wageni wanaokula naye mezani ni jasusi. Polisi wanamwachia kwa sharti kwamba awasaidie kumpata mwenye kamera, la sivyo atafukuzwa nchini.

Na afukuzwe aende wapi? Hapo ndipo Ambler anapokushika koo. Vadassy alizaliwa Hungaria, mji wake ukamegwa na kuwa wa Yugoslavia baada ya vita vya kwanza, na sasa pasipoti aliyonayo haitambuliki na yeyote. Hana nchi. Yeyote aliyewahi kumwona mtu amesimama mpakani na karatasi ambazo ofisa anazirudisha bila hata kuzisoma atajua hofu ya Vadassy ni ya namna gani. Haogopi kufa, anaogopa kukosa mahali pa kusimama. Waandishi wengi waliomtangulia Ambler walipenda mashujaa wenye misuli na marafiki serikalini. Yeye alimleta mtu asiye na kitu, mpelelezi wa lazima, anayeuliza maswali vibaya na kumshuku asiyehusika. Utamwonea huruma na utamkasirikia katika ukurasa mmoja.

Jinsi ya kusoma

Kabla hujaanza kitabu chochote cha aina hii, tafuta mambo mawili: mwaka kilipotoka na mwaka hadithi inapotokea. Tofauti ya miaka hiyo miwili inabadilisha kila kitu. Greene aliandika kuhusu London iliyokuwa bado vitani. Yeye mwenyewe hakujua nani angeshinda. Ken Follett alipoandika Eye of the Needle, iliyotoka mwaka 1978, vita vilikuwa vimekwisha zamani na siri zake zimeanza kutolewa makabatini. Wa kwanza anaandika kwa wasiwasi, wa pili kwa maarifa. Rogue Male ya Geoffrey Household ilitoka mwaka 1939. Inaanza na mwindaji Mwingereza aliyekamatwa akiwa amemlenga kwa bunduki mtawala wa kiimla wa nchi fulani ya Ulaya. Mtawala hatajwi jina mahali popote. Ukikumbuka mwaka, utamjua, na utaelewa kwa nini wasomaji wa wakati ule walikisoma kitabu hicho kwa mapigo ya moyo yanayokwenda kasi.

Weka ramani karibu. Simu inatosha. Journey into Fear ya Ambler, ya mwaka 1940, inasafiri kwa meli kutoka Istanbul hadi Genoa, na mhandisi wa silaha aliye ndani yake anagundua kwamba anayetaka kumuua yuko kwenye meli hiyohiyo. Ukiifuata safari kwa kidole utaona jinsi kila bandari inavyompa tumaini na kumnyang'anya.

Kuhusu Kiingereza: usikimbilie kamusi kila mstari, utaua taharuki. Chagua ukurasa wa kwanza wa kila sura, tafuta humo maneno yote usiyoyajua, kisha mengine yaache yajieleze. Lugha ya Ambler ni nyepesi, ya Follett nyepesi zaidi. Buchan ana mahali katikati ya kitabu ambapo wakulima na mtengeneza barabara wanaongea lahaja ya Scotland. Pasome kwa sauti, nusu itaeleweka, na nusu iliyobaki haina madhara.

Jambo la mwisho katika kusoma, na ndilo linalowashinda wengi, ni kuvumilia kungoja. Katika Ashenden ya W. Somerset Maugham, ya mwaka 1928, kuna kurasa nyingi ambazo jasusi anakaa hotelini, anakula, anacheza karata, anapanda meli ya kuvuka ziwa huko Uswisi, anarudi. Msomaji mwenye haraka atalalamika kwamba hakuna kinachotokea. Lakini Maugham alikuwa anaandika alichokiona. Mwaka 1915 alisajiliwa na idara ya ujasusi ya Uingereza na kupelekwa Geneva, akijificha nyuma ya kazi yake halisi ya kuandika tamthilia, na mwaka 1917 akatumwa Urusi kujaribu kuizuia isijitoe vitani. Hakufaulu, Wabolsheviki walichukua madaraka mwaka huohuo. Alitoka katika kazi ile akijua kwamba jasusi mdogo hupewa kipande cha jambo, hukitekeleza, na mara nyingi haambiwi kilileta nini. Ashenden anaishi hivyo. Mkubwa wake anampa amri kwa upole, na damu inamwagika mahali asipopaona, wakati mwingine damu isiyostahili kumwagika. Kungoja kule kote ndiko kunakoipa damu hiyo uzito wake. Ukiruka kurasa za karata, kifo kikija kitakuwa habari tu.

Greene naye aliijua kazi hiyo. Mwaka 1942 alikuwa Freetown, Sierra Leone, akiitumikia idara ya ujasusi ya Uingereza, na huko kwenye joto na mvua ndiko alikofanyia kazi riwaya ile ya keki ya London. Mkuu wake makao makuu alikuwa Kim Philby, ambaye miaka baadaye ilijulikana kwamba alikuwa akiwatumikia Warusi muda wote. Mwandishi aliyekaa chini ya ndumilakuwili wa kiwango hicho ana haki ya kuandika kwamba huwezi kumjua mtu.

Soma na historia yenyewe

Nakushauri usisome riwaya tatu mfululizo bila kuingiza kisa kimoja cha kweli katikati. Cha kuanzia ni kile cha Operation Mincemeat, kwa sababu ndani yake riwaya na ujasusi vilikopeshana waziwazi.

Mwaka 1939 ofisi ya ujasusi wa jeshi la majini la Uingereza iliandika orodha ya mbinu za kumdanganya adui. Ian Fleming, ambaye baadaye angemuumba James Bond, alikuwa msaidizi wa mkuu wa ofisi hiyo, na inaaminika mkono wake ulikuwamo. Mbinu mojawapo ilikuwa kuiacha maiti yenye hati za uongo mahali ambapo adui ataiokota. Orodha yenyewe ilikiri kwamba wazo hilo limetoka katika hadithi ya upelelezi ya Basil Thomson. Miaka minne baadaye maofisa wawili, Ewen Montagu na Charles Cholmondeley, walilifanya kweli. Walichukua maiti ya mtu maskini aliyefia London, wakamvalisha sare na kumpa jina la Meja William Martin, na nyambizi Seraph ikamtelemsha baharini karibu na Huelva, Hispania. Mvuvi alimkuta tarehe 30 Aprili 1943. Mkoba aliofungiwa ulikuwa na barua zilizodokeza kwamba Washirika wangeshambulia Ugiriki na Sardinia. Walishambulia Sicily tarehe 10 Julai.

Sasa tazama mifukoni mwake. Waliweka vipande vya tiketi za ukumbi wa maonyesho. Waliweka barua ya benki ikimkumbusha kwamba ametoa fedha kuliko alizo nazo, risiti ya pete ya uchumba, barua za mapenzi kutoka kwa mchumba aliyeitwa Pam, picha ya msichana, funguo. Barua ya mapenzi inachakaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa, kwa hiyo walihakikisha imechakaa. Walimwandika mtu kama mwandishi wa riwaya anavyoandika mhusika, wakijua kwamba ofisa wa Kijerumani angeamini barua ya jenerali kwa sababu aliamini deni la benki. Baada ya vita kisa kilirudi kilikotoka: Duff Cooper, aliyewahi kuwa waziri, alikigeuza kuwa riwaya, Operation Heartbreak, mwaka 1950, na Montagu akaandika ukweli wake katika The Man Who Never Was mwaka 1953. Ukivisoma vyote viwili, ukarudi kwa Greene na Ambler, utaanza kuona jinsi mwandishi mzuri anavyochagua kitu cha kuweka mfukoni mwa mhusika.

Pwani yetu nayo imo katika historia hiyo. Mwaka 1942, Wajapani walipotishia Bahari ya Hindi na kuishambulia Colombo, kituo cha Waingereza cha kunasa na kufumbua mawasiliano ya siri ya Japani kilihamishiwa Mombasa, kikawekwa katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Kituo hicho kilijulikana kwa jina la Kilindini. Mwezi Novemba mwaka huo wafumbuaji wake waliuvunja msimbo wa JN-40, uliotumiwa na meli za biashara za Japani. Hebu fikiria mji wenyewe: bandari imejaa manowari, taa zimezimwa usiku, makuli na mabaharia wa kila taifa wanakula katika migahawa ileile, na darasani, mahali pa watoto wa shule, watu wamekaa usiku kucha wakihesabu tarakimu. Namngojea kwa hamu kubwa mwandishi wa Kiswahili atakayeitia riwaya ndani ya majengo yale.

Kama mwisho wa vita unajulikana

Utaulizwa: mtu anaogopaje hadithi ambayo mwisho wake uko katika kitabu cha historia cha shule? Kila mtu anajua Washirika walitua Normandy tarehe 6 Juni 1944. Eye of the Needle inajengwa juu ya jambo hilohilo. Jasusi wa Kijerumani, Faber, amegundua kwamba jeshi kubwa linaloonekana mashariki mwa Uingereza ni la kubuni, vifaru ni vya mpira na ndege ni za mbao, na kwamba shambulio halitakwenda Calais. Anachotaka ni kumfikishia Hitler habari. Jeshi hilo la kubuni lilikuwepo kweli, sehemu ya mpango ulioitwa Fortitude. Unajua Faber hatafaulu.

Na bado mikono inatoa jasho, kwa sababu Follett amelihamisha swali. Huulizi tena nani atashinda vita. Unauliza mwanamke aliyeko katika kisiwa chenye dhoruba, mwenye mtoto mdogo na ndoa iliyovunjika, atajua lini kwamba mgeni aliyemkaribisha ni nani, na atafanya nini akishajua. Historia haina jibu la swali hilo. Katika kila riwaya bora ya aina hii utaona uhamisho huo unafanyika mapema, kwa kawaida ndani ya sura tano za kwanza. Uutafute. Ukifika katikati ya kitabu bado unaulizwa tu kama Hitler atashindwa, kiweke pembeni bila majuto.

Pa kuvipata, na pa kwenda baadaye

Wauza vitabu vya mitumba wa barabarani, Dar es Salaam na Nairobi, mara nyingi wana Follett, Jack Higgins na Alistair MacLean, vitabu vya karatasi laini vilivyopitia mikono mingi. Ambler ni adimu zaidi. Mwachie muuzaji jina lake, atakuulizia. Kabla ya kulipa, hesabu kurasa za mwisho. Riwaya ya kijasusi iliyokatika kurasa kumi za mwisho ni hasara tupu.

Msome pia wa kwetu. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeingia uwanjani na Kufa na Kupona mwaka 1974, ni mpelelezi wa vita vingine, vita vya ukombozi wa kusini mwa Afrika, ambako adui alikuwa utawala wa Makaburu na vibaraka wake. Gamba ni mtaalamu, anajua ngumi, magari na mavazi, yuko karibu zaidi na Fleming kuliko Ambler. Baada ya Vadassy utamsoma kwa jicho jipya: utajiuliza mwalimu wa lugha asiye na nchi angefanya nini akiwekwa mahali pa Gamba, na Gamba angefanya nini akinyang'anywa kitambulisho, mshahara na bosi wa kumpigia simu.

Filamu zije baada ya vitabu, hasa kwa Buchan. Alfred Hitchcock aliigeuza The Thirty-Nine Steps kuwa filamu mwaka 1935, akaongeza mwanamke aliyefungwa pingu pamoja na Hannay, ambaye kitabuni hayumo kabisa, na akabadilisha hata maana ya ngazi thelathini na tisa zenyewe. Ni filamu nzuri sana, lakini ikikutangulia itakaa kichwani na kumfukuza Hannay wa kitabu. Kwa Where Eagles Dare ya MacLean hakuna shida hiyo: aliandika kwanza mwongozo wa filamu, kisha riwaya, kwa hiyo anza na unachokipata.